Vitabu vya Kiswahili havisogei tangu nipange rafu kwa Dewey. Tatizo ni namba au ni sisi?

#1 BintiPangani
Wakuu, habari za jioni.

Nasaidia kwenye maktaba ya kata, chumba kimoja ambacho zamani kilikuwa ofisi ya mtendaji. Vitabu vingi ni vya msaada, vilikuja kwenye maboksi: ensaiklopidia zilizopitwa na wakati, riwaya za Kiingereza, vya dini, vya kilimo. Vya Kiswahili vingi wamechangia wazee wa hapa mjini. Mwanzoni kila kitu kilipangwa kwa kimo, virefu kwa virefu, vifupi kwa vifupi. Baadaye mratibu akaniletea muhtasari wa Dewey, ule mfumo wa Kimarekani wa kugawa vitabu vya maktaba kwa mada katika mafungu kumi ya namba, 000 mpaka 900, nikakaa nikabandika namba mgongoni mwa kila kitabu.

Vya Kiingereza vimeenea ukuta mzima, kila fani na sehemu yake. Fasihi ya Kiswahili yote imeangukia 896.392. Riwaya, diwani, tamthilia, zote zimebanana hapo. Na hazichukuliwi! Daftari la kuazima ninalo: kabla ya kupanga, Kiswahili ndicho kilichokuwa kinaongoza. Sasa watoto wanaingia, wanazunguka, wanatoka na vitabu vya picha.

Hoja yangu: mfumo huu haukutengenezwa kwa ajili yetu, tuuweke pembeni. Tupange kwa mafungu ambayo msomaji wa hapa anayaita mwenyewe akifika mlangoni. Hadithi, Mashairi, Dini, Kilimo na Mifugo, Afya ya Mama na Mtoto, Mitihani. Mnasemaje?

#2 Kuli_wa_Gati
Naweka kambi hapa. Mwenye karanga apitishe.

#3 MkutubiMstaafu
Binti, 896.392 si mwisho wa namba. Unaongeza tarakimu ya utanzu: 1 ni ushairi, 2 tamthilia, 3 riwaya na hadithi. Kwa hiyo mashairi yanakaa 896.3921, tamthilia 896.3922, riwaya 896.3923. Huo muhtasari uliopewa ni wa kurasa chache tu, ndiyo maana umekwama.

Kuhusu kuuacha mfumo, mimi sikubali. Melvil Dewey aliutoa mwaka 1876 akiwa Amherst, Massachusetts, na tangu hapo haujaacha kurekebishwa. Toleo la 23 ni la 2011. Faida yake ni moja kubwa. Mtoto aliyejua kwamba kilimo ni 630 akiwa hapo kwenu, akiingia Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar, ile aliyoifungua Mwalimu Nyerere Desemba 1967, atakikuta kilimo palepale 630. Wewe ukibuni mafungu yako, atakayekuja baada yako atabuni yake, na wa tatu yake. Nimeona maktaba za namna hiyo. Mwisho wake kila kitu kiko kwenye fungu linaloitwa "Mengineyo".

#4 Mwl_Fasihi
Shikamoo mzee. Kwenye tarakimu uko sahihi, lakini umeruka lile ambalo binti analilalamikia. Tazameni mia nane yenyewe, fungu la fasihi, ilivyogawiwa: Wamarekani 810, Waingereza 820, Kijerumani 830, Kifaransa 840, Kiitaliano 850, Kihispania na Kireno 860, Kilatini 870, Kigiriki 880. Halafu 890 ni "lugha nyingine". Ndani ya hiyo 890, bara zima la Afrika limepewa 896, na ndani ya 896 ndipo Kiswahili kinatafuta pa kupenyeza mguu. Kilatini, lugha ambayo hakuna mama anayembembelezea nayo mtoto, ina namba kumi peke yake!

Ndiyo sababu namba za Kiswahili ni ndefu vile. Kitabu cha mashairi ya Kiingereza ni 821, basi. Cha kwetu kina tarakimu saba kabla hujaandika jina la mshairi. Mtoto wa darasa la tano unamwambia atafute 896.3921? Hata mimi naandika mkononi kwanza.

#5 Ngamiani_Original
Na kuna kituko kingine, Mwalimu. Tafsiri ya fasihi inawekwa kwenye lugha ilikotoka. Shakespeare ana namba yake maalumu, 822.33. Kwa hiyo Juliasi Kaizari ya 1963 na Mabepari wa Venisi ya 1969, kazi ya mkono wa Nyerere mwenyewe, ukifuata sheria zinakwenda kukaa Uingereza. Rais wa nchi amekaa usiku anapima mizani ya Kiswahili, halafu rafu ya Kiswahili haimwoni.

#6 MkutubiMstaafu
Marahaba Mwalimu. Ngamiani, ni kweli, lakini sheria hiyo ni moja kwa lugha zote. Mwingereza akitafsiri utenzi wetu, tafsiri yake inakuja kukaa kwetu 896. Hapo mbona hulalamiki?

#7 Ngamiani_Original
Vingapi vinakuja na vingapi vinaondoka, mzee? Tuhesabu.

#8 MtuWaForodhani
Assalaam alaykum. Nyie mnalia na mia nane, nendeni mia mbili muone. Biblia imepewa 220 mpaka 229. Ukristo 230 mpaka 280 na kitu. Dini nyingine zote za ulimwengu zinabanana 290, na Uislamu ni 297. Huku Unguja skuli ikipokea boksi la vitabu vya dini, karibu vyote ni 297. Rafu moja imefurika, na tisa zinazoizunguka zina vumbi tu. Najua matoleo ya karibuni yamejaribu kulegeza hilo, lakini shina la mti ndilo lilelile.

Ila msidhani kugawa elimu mafungu kumi ni hila ya Marekani. Ibn al-Nadim, mtu wa vitabu wa Baghdad, mwaka 377 Hijria, yaani 987, aliorodhesha vitabu vya Kiarabu alivyovijua katika makala kumi. Ya kwanza imebeba maandiko matakatifu na Qurani. Sarufi, historia, mashairi, elimu ya kalam (mijadala ya itikadi) na fiqhi zinafuata. Falsafa kaipeleka ya saba, ngano na uchawi ya nane, na alkemia ndiyo ya kumi, mkiani kabisa. Kila anayepanga huanza na kwao. Dewey kaanza na kwao, na Ibn al-Nadim vilevile. Suala ni kuwa sisi tunapangia rafu zetu kwa kuanza na kwa mwenzetu.

#9 Kuli_wa_Gati
Alkemia fungu la mwisho, sawa na matapeli wa madini wa siku hizi. Mzee wa Baghdad aliona mbali.

#10 BintiPangani
Asanteni. Mzee Mkutubi, tarakimu za utanzu nitaziongeza, nilikuwa sijapewa. Lakini mmehamia kwenye haki ya Dewey na swali langu limebaki. Watoto wa hapa hawajui kama Kilatini kina namba kumi. Mbona wameacha kuchukua Kiswahili?

#11 Kisauni_Finest
Dada, mie niko Mombasa, nimewahi kujitolea maktaba. Swali moja tu: hizo rafu umezianzia wapi? Maana ukianza 000 mlangoni, 800 na 900 lazima ziangukie mwisho wa chumba. Huko ndiko kwenye giza, kwenye feni mbovu na stoo. Hebu tuchoree chumba.

#12 BintiPangani
Mlango uko katikati ya ukuta wa mbele. Nimeanza kushoto, nikazunguka. 500 na 600 ziko dirishani. 800 iko ukuta wa kulia, na 896 ni rafu ya chini kabisa, nyuma ya meza ya mlinzi.

#13 Kisauni_Finest
Nyuma ya meza ya mlinzi! Sasa hapo Dewey kakukosea nini, wallahi? Mtoto gani atapita katikati ya miguu ya mlinzi kutafuta diwani? Kesi imekwisha, hamisha meza.

#14 Kuli_wa_Gati
Hamisha mlinzi.

#15 Mwl_Fasihi
Kesi haijaisha. Binti, kupanga ulimaliza mwezi gani?

#16 BintiPangani
Mwishoni mwa Novemba.

#17 Mwl_Fasihi
Basi na mimi nina jibu, na halihusu namba wala meza. Kidato cha Nne wanafanya mtihani wa taifa Novemba. Nani anaazima riwaya na tamthilia za Kiswahili kwenye kata? Ni wao, kwa ajili ya uhakiki. Wanasoma vilevile vilivyoteuliwa, basi. Wakimaliza karatasi ya Kiswahili hakuna anayetazama nyuma. Hata ungepanga kwa rangi za majalada, Desemba daftari lako lingelala. Usilaumu mpangilio kabla hujaona Machi.

#18 BintiPangani
Mwalimu, nusu ya waazimaji wangu ni wa msingi, hawana uhakiki. Na hao ndio waliopungua zaidi kwa macho yangu.

#19 MamaWawili_Moro
Naomba niseme kama mzazi, sijasomea ukutubi. Wanangu wawili wote walipenda maktaba ya shule ilipokuwa fujo. Kulikuwa na meza na vitabu vimemwagwa juu yake, wanapekua, wanaona jalada, wanaona picha ya fisi, wanachukua. Ukaja mradi, vitabu vikasimamishwa kwenye rafu kwa mgongo. Sasa vitabu vya watoto vya Kiswahili vina mgongo gani? Vingi ni kurasa thelathini, vimepigwa pini katikati. Ukivisimamisha havina jina, ni mistari tu ya karatasi. Vya Kiingereza vya msaada ni vinene, vina jalada gumu, jina limeandikwa mgongoni kwa dhahabu. Mtoto anaona vya Kiingereza tu kwa sababu ndivyo vinavyoonekana.

Na swali kwa mleta mada: hiyo lebo yenye 896 na mkia wake umeibandika wapi?

#20 BintiPangani
Mgongoni, kwa chini. Kwenye vile vyembamba imezunguka mpaka mbele na nyuma.

#21 MamaWawili_Moro
Kwa hiyo hata kale kajina kalikokuwa kanachungulia umekafunika 😂

#22 MkutubiMstaafu
Mama Wawili umegusa penye ukweli, na ni jambo tulilokuwa tukifundishana kazini. Vijitabu havisimamishwi kwa mgongo. Vinalazwa kwenye maboksi yaliyo wazi juu, uso mbele, mtoto anavipekua kama faili. Lebo inakaa kona ya juu kushoto ya jalada. Dewey hajasema popote kwamba kila kitabu lazima kisimame. Namba inakuambia kitabu kinafuata kipi, haikuambii ukiweke vipi.

Wanaotoka chuo cha ukutubi Bagamoyo wanalijua hilo. Tatizo maktaba za kata zinapewa karatasi ya namba bila mtu.

#23 Lubumbashi_Kamalondo
Jambo kwa wote. Huku kwetu athari ya Wabelgiji haijaondoka, hata kwenye vitabu. Paul Otlet na Henri La Fontaine, wa Brussels, walimwomba Dewey ruhusa, wakauchukua mfumo wake wakaupanua kwa Kifaransa mwanzoni mwa karne ya 20. Uzuri wa wao ni kwamba unaweza kuunga mada mbili kwa alama: kilimo na elimu, dini na ushairi, kitabu kimoja kikaonekana pande zote mbili kwenye kadi. Dewey anakulazimisha uchague.

Mnipe mfano: Utenzi wa Mwana Kupona mnauweka wapi?

#24 Ngamiani_Original
896.3921. Ushairi. Swali rahisi.

#25 MtuWaForodhani
Rahisi kwako. Mwana Kupona binti Mshamu kaandika mwaka 1858, mgonjwa, anamuusia binti yake: dini, heshima, namna ya kukaa na mume na watu. Bibi yangu hakuujua kama "fasihi". Kwake ulikuwa mawaidha, umewekwa pamoja na vitabu vya dua. Ukimtuma kwenye rafu ya mashairi hatauona, atarudi akwambie huna.

#26 Mwl_Fasihi
Na ukiuweka kwenye dini, mwanafunzi wangu anayesoma tenzi hatauona. Ndiyo maana kuna katalogi, orodha ya kadi za vitabu vyote, Sheikh. Kitabu kinakaa mahali pamoja, kadi zinakuwa tatu.

#27 MtuWaForodhani
Katalogi kwenye chumba cha mtendaji? Binti ana daftari na peni.

#28 BintiPangani
Na peni yenyewe ya mlinzi.

#29 Silver_Spring_TZ
Salaam kutoka Maryland. Hapa jirani yangu Washington kuna kisa kinachofanana na hiki. Dorothy Porter alianza kujenga mkusanyiko wa vitabu vya watu weusi Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1930. Akakuta maktaba zinazotumia Dewey zinavitupa vitabu vya waandishi weusi kwenye namba mbili: 326, utumwa, na 325, ukoloni na uhamiaji. Mshairi mweusi akiandika mapenzi, anapelekwa kwenye utumwa. Mama yule alikataa. Akavipanga kwa fani na mwandishi, ushairi kwenye ushairi, historia kwenye historia. Hakusubiri toleo jipya.

Hivyo anayesema "mfumo ni mfumo, tuufuate" ajue hata Marekani kwenyewe wapo waliouvunja. Mwaka 2007 maktaba moja ya umma huko Gilbert, Arizona, ilifunguliwa bila Dewey kabisa, vitabu vimepangwa kwa maeneo ya mada kama duka la vitabu.

#30 Kuli_wa_Gati
Nimesoma mahali kwamba Dewey alifutwa kabisa kule kwao.

#31 Silver_Spring_TZ
Hapana. Mwaka 2019 Chama cha Maktaba cha Marekani kiliondoa jina lake kwenye medali, kwa sababu ya ubaguzi wake na alivyowatendea wanawake. Namba zake zinaendelea kutumika.

#32 MkutubiMstaafu
Tena angalieni mama Porter alifanya nini hasa. Hakuacha kupanga. Alikataa namba mbili mbovu akatumia mpangilio ulio makini zaidi. Hakuandika "Mengineyo".

#33 Kisauni_Finest
Hapa Kenya tulikuwa na mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o. Riwaya zake za Kiingereza ziko 823 na Waingereza. Alipohamia kuandika kwa lugha ya Gĩkũyũ, hizo zikaenda 896. Mtu mmoja, kuta mbili. Halafu wa Unguja, Gurnah, yeye kaandika Kiingereza, kwa hiyo hata Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya yake Paradise iliyotoka 2022, kwa sheria ya tafsiri inarudi 823. Mzanzibari, kitabu kwa Kiswahili, rafu ya Kiingereza. Mie ningekuwa Binti ningeweka sehemu moja tu: "Waandishi wetu". A mpaka Z kwa jina. Imekwisha.

#34 Ngamiani_Original
"Wetu" ni nani? Ngũgĩ wa kwenu ni wa kwetu? Na Mkristo wa Kongo anayeandika Kifaransa? Ukifungua fungu hilo utaamua ugomvi kila siku.

#35 Lubumbashi_Kamalondo
Asante kwa kutukumbuka, Ngamiani 😂

#36 Fundi_Spea
Mimi nauza spea Kariakoo. Duka lina maelfu ya vitu, hakuna namba hata moja, na mteja anapata anachotaka dakika mbili. Siri ni kwamba hatafuti yeye, natafuta mimi. Mnabishana rafu, kumbe mnahitaji mtu anayejua.

#37 Mwl_Fasihi
Na siku ukiumwa?

#38 Fundi_Spea
Duka linafungwa.

#39 MkutubiMstaafu
Ndilo jibu lenyewe. Mpangilio ulio kichwani mwa mtu unapata uhamisho pamoja naye. Mhindi Ranganathan, aliyetoa kanuni zake tano za ukutubi mwaka 1931, kanuni ya nne inasema okoa muda wa msomaji. Muda wa mkutubi hakuutaja.

#40 Garissa_Ndogo
Salamu. Huku kwetu Garissa, Kenya, mwaka 1996 huduma ya maktaba ya taifa ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia. Vinafika kwenye maboksi, vinatandikwa mkekani chini ya mti, watoto wanavamia. Hapo hakuna 000 wala 900. Mama wa Moro yuko sahihi: jalada likionekana, kinasomwa.

#41 Mwl_Fasihi
Watoto wa mkekani wanavamia kwa sababu ngamia hawaji kila siku, rafiki. Kinachokuja kwa nadra kinagombaniwa. Hiyo si hoja ya mpangilio.

#42 Garissa_Ndogo
Mwalimu wewe kila kitu una mtihani wake.

#43 BintiPangani
Mrejesho. Meza ya mlinzi imehamia mlangoni (amenuna). 896 nimeipandisha dirishani, 500 imeshuka chini. Vijitabu viko kwenye maboksi ya sabuni yaliyokatwa, uso mbele. Juu nimebandika karatasi: HADITHI, MASHAIRI, TAMTHILIA, na namba ya mzee chini yake kwa herufi ndogo. Wiki hii wameanza kuchukua, tena kwa vurugu.

#44 Kisauni_Finest
Si nilisema meza!

#45 MamaWawili_Moro
Maboksi, baba. Maboksi.

#46 Mwl_Fasihi
Shule zimefunguliwa wiki hii. Nasema tu.

#47 MtuWaForodhani
Mimi naona karatasi ya HADITHI ndiyo iliyofanya kazi. Neno wanalolijua, mbele ya macho yao. Lakini sijaona umesema lolote kuhusu 297.

#48 BintiPangani
297 bado imefurika, Sheikh. Nimeichukulia nafasi 240, iliyokuwa tupu.

#49 MkutubiMstaafu
Umeweka Uislamu 240?! Namba hiyo ni ya ibada za Kikristo!

#50 BintiPangani
Nafasi ya rafu, mzee, namba zao sijagusa.

#51 Pekua_Pekua
Wakuu, nimesoma uzi wote kimya, kuna kitu hakijaulizwa. Hadithi za Sungura na Fisi, ngano za bibi na babu: kwa Dewey hizo si 896. Ni 398.2, kwenye sayansi ya jamii, mlango mmoja na sheria na siasa. Methali nazo ziko jirani, 398.9. Kama Binti alifuata karatasi yake vizuri, basi zile hadithi ambazo watoto wa msingi wanazipenda kuliko zote ziliondoka kwenye Kiswahili siku ile ya kupanga. Daftari lako linahesabu Kiswahili vipi, kwa lugha au kwa namba ya 896? Maana huenda walikuwa wanachukua muda wote, ila wanaandikwa kwenye mia tatu.

#52 Kuli_wa_Gati
Ngoja ngoja ngoja.

#53 Ngamiani_Original
Sungura kapelekwa kwa wanasheria? Ana kesi gani?

#54 Mwl_Fasihi
Binti, daftari.

#55 BintiPangani
Liko kwenye kabati, na ufunguo anao mlinzi. Ameondoka tangu saa tisa, simu hapokei. Jumatatu.